Machapisho ya Utafiti wa Bahari Kunduchi

Shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki, enzi za ukoloni, lilikuwa na makao Unguja, na taarifa zake zilitoka kila mwaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lile likafa nayo. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar. Mwaka 1980 Bunge likaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), iliyokuja kuwa na makao Kunduchi, Dar es Salaam.

Makala ya kitaalamu huanzia dikoni. Changu hulazwa juu ya ubao wenye vipimo, mdomo ukigusa kizingiti, urefu ukasomwa mkiani. Kisha mizani, kisha daftari. Ni kazi ya subira inayostahili heshima kubwa, kwani vipimo vikirundikana miaka mingi ndipo hujulikana kama samaki wanapungua.

Mwaka 2002 chama cha wanasayansi wa bahari, WIOMSA, kilianzisha jarida la kanda nzima ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Lakini huchapishwa kwa Kiingereza, na hilo ni pengo zito: wavuvi wengi waliotoa samaki wapimwe hawawezi kuyasoma matokeo.