Ukuta wa Mwaka 1698

Wengi wetu tunaijua shampeni kwa mlio. Kizibo kinafyatuka, povu linamwagika, watu wanapiga makofi, basi. Imetoka shamba gani, nani kaichuma, hayo hatuulizi. Na kwa miaka mingi wenye kuiuza nao hawakuona haja ya kutuambia. Jina la kwenye chupa lilikuwa la ukoo wa tajiri, na shamba halikutajwa. Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya chupa moja yenye majina yote mawili: Krug, na Clos du Mesnil.

Tuanze na ukoo. Johann-Joseph Krug alizaliwa mwaka 1800 mjini Mainz, mji wa Wajerumani ambao siku hizo ulitawaliwa na Ufaransa. Mwaka 1834 akaajiriwa na kampuni ya Jacquesson iliyotengeneza shampeni huko Châlons, akapanda mpaka akawa mbia, na mke naye akampata humo humo, shemeji wa tajiri wake. Mtu mwingine angetulia hapo ale maisha. Yeye akatoka, na mwaka 1843, umri umeshapita arobaini, akaanzisha kampuni yake mjini Reims.

Imani yake ilikuwa kuchanganya. Champagne ni jimbo la kaskazini, baridi yake si ya mchezo. Mwaka huu theluji inaunguza machipukizi, mwaka ujao mvua inaozesha zabibu, mwaka wa tatu neema tupu. Anayetegemea shamba moja anategemea bahati. Basi Krug akanunua huku na huku, akaweka akiba ya divai za miaka iliyopita, akaonja, akachanganya, ili mnywaji apate ubora ule ule kila mwaka. Mwaka 1848 aliyaandika mawazo yake katika daftari kwa ajili ya mwanawe Paul, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita tu! Sisi tuliokulia kwenye pilau hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mpishi hodari haulizwi iliki imetoka kijiji gani. Anaulizwa mkono wake. Hata leo divai kuu ya Krug inachanganywa kutoka divai zaidi ya 120, za miaka kumi na zaidi.

Lakini kuchanganya kuna sura nyingine, na hiyo haikuandikwa katika daftari. Kama siri ni mkono wa mchanganyaji, mkulima wa zabibu ni nani? Mwanzoni mwa karne ya ishirini baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wanaleta zabibu na divai za bei rahisi kutoka nje ya jimbo, wanazitia mapovu, wanaziuza kwa jina la Champagne. Mavuno ya 1910 yakaharibika vibaya. Januari 1911 wakulima wakaizuia divai ya namna hiyo huko Damery, wakaimwaga mtoni Marne. Aprili, Bunge la Seneti lilipotaka kuifuta mipaka ya jimbo, hasira zikapanda upya. Tarehe 12 Aprili majumba na maghala ya wafanyabiashara yakachomwa mjini Aÿ, ikabidi serikali imwage askari. Sisemi kwamba Krug alikuwa miongoni mwa waliolaumiwa. Ninasema kwamba watu walikuwa tayari kuchoma moto kwa ajili ya swali lile lile: jina hili ni la nani, la mwenye duka au la udongo? Sheria ya kuikata mipaka vizuri ilikuja mwaka 1927.

Sasa twende Le Mesnil-sur-Oger, kijiji cha kusini ya Épernay chenye udongo wa chokaa na zabibu nyeupe za Chardonnay. Katikati ya kijiji, nyumba zikiwa zimeuzunguka, kuna ukuta, na ndani yake shamba la hekta 1.84, yaani kama ekari nne na nusu. Ukutani umeandikwa mwaka: 1698. Watawa wa Kibenedikti waliwahi kulimiliki. Ukuta unakinga upepo, mteremko unapokea jua la asubuhi, kwa hiyo zabibu za humo zinaiva vizuri. Maelezo ni hayo tu, hakuna uchawi.

Krug walilinunua mwaka 1971 pamoja na mashamba mengine ya kijiji hicho. Kwa nini? Kwa ajili ya kuchanganya! Walitaka wawe na uhakika wa Chardonnay. Mizabibu mikongwe ikang'olewa, mipya ikapandwa. Kisha wakaja ndugu wawili, Henri na Rémi, kizazi cha tano, wakaonja mavuno ya 1979 kabla hayajatiwa kwenye mchanganyiko. Wakaona hii haichanganywi, itasimama peke yake. Chupa hizo zikakaa ghalani chini ya ardhi mpaka 1986 ndipo zikauzwa.

Wao hawakuwa wa kwanza. Eugène-Aimé Salon alikuwa ametengeneza divai ya Le Mesnil tupu tangu 1905, na ukoo wa Philipponnat ulikuwa na Clos des Goisses yake tangu 1935. Lakini hao hawakuwa wamejenga jina lao juu ya daftari la mchanganyaji. Kwa Krug huu ulikuwa ugeuzi, hata wauite nini. Mimi ninauheshimu, ingawa nina neno moja: mkulima wa 1911 aliyepigania udongo utajwe kwenye chupa asingeweza kuinunua chupa hii hata kwa mavuno yake yote.

Na ubishi wa babu na wajukuu haujesha. Divai ya shamba moja haina pa kujificha. Mwaka ukiwa mbaya hakuna divai ya kijiji cha jirani ya kuisaidia. Mwaka 1999 kampuni yenyewe iliingia mikononi mwa LVMH, ingawa kizazi cha sita, Olivier Krug, bado kimo kazini. Zabibu za Clos du Mesnil za mwaka huo huo zilivunwa, zikakamuliwa, zikatiwa chupani, zikalazwa miaka zaidi ya kumi. Mwishowe waonjaji wakaketi, wakaonja, wakasema hapana, haitoki. Baada ya chupa ya 1998, iliyofuata madukani ni ya 2000.