Mtihani na Mwanafunzi wa Kidatu

Kidatu ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo mto Ruaha Mkuu huteremka kutoka nyanda za juu na kuingia katika nchi tambarare ya miwa. Jina lake lakaribiana na kidato, yaani kipandio cha ngazi, neno ambalo shule za Tanzania hulitumia kuhesabia madarasa ya sekondari. Mfanano huo ni wa sauti tu. Lakini wafaa kuwa mlango wa mazungumzo haya, kwani kwa mtoto wa bonde la Kilombero historia ya elimu imekuwa historia ya ngazi yenye vipandio vichache na watu wengi chini yake.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, ngazi hiyo ilikatwa mara nne. Mtoto alipimwa katika darasa la nne, la nane na la kumi, kisha akapimwa katika darasa la kumi na mbili kwa karatasi zilizotoka Cambridge. Kila mtihani ulikuwa chekeche, na kazi ya chekeche ni kubakiza wachache. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi, na wengi wao hawakuvuka darasa la nne. Sekondari walikuwamo 11,832, na kati yao kidato cha sita walikuwa 176 tu. Mahali ambapo nafasi ni haba kiasi hicho, kumsaidia mwanafunzi huelekea kuwa na maana moja: kumkaririsha majibu ili ampite mwenziwe.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona jambo hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotoka Machi 1967, alieleza kuwa mtihani wa namna ile hupima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa kwa saa iliyowekwa, lakini haupimi fikira zake, tabia yake wala utayari wake wa kuwatumikia watu. Maneno hayo yalizaa matendo. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika mitihani ya Cambridge. Mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Na Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka kazi ya mwanafunzi ya kila siku nayo ihesabiwe, asihukumiwe kwa saa chache za mwisho peke yake.

Wakati huo huo Kidatu nako kulikuwa kunageuka. Kiwanda cha sukari kilianza kazi mapema katika miaka ya 1960. Bwawa la umeme likakamilika mwaka 1975. Na mwaka uliofuata reli ya TAZARA, ipitayo bondeni humo, ikafunguliwa rasmi. Watu walikuja kutoka pande nyingi, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili kikawafanya majirani. Lakini miwa ina kalenda yake. Uvunaji huanza masika yakishakoma, yapata mwezi wa Juni, na mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba. Basi majuma ambayo mtoto ahitaji utulivu zaidi ndiyo majuma ambayo shamba lina wito mkubwa zaidi. Mzazi anayemwachia mwanawe jioni moja ya kusoma katika msimu huo amemsaidia kwa mali, si kwa maneno.

Uko ugumu mwingine, nao ni mzito kuliko wa miwa. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hufundishwa na kupimwa kwa Kiswahili. Akifaulu, huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Jana alieleza kwa ufasaha jinsi maji ya bwawa yanavyozungusha mitambo na kutoa umeme. Leo aulizwa jambo lile lile naye akanyamaza. Ujuzi haukumtoka, alichonyang'anywa ni ulimi wa kuutolea. Hapo kukariri hurudi kwa nguvu, kwa sababu asiyeelewa sentensi hana budi kuimeza nzima.

Kuanzia mwaka 2004, mpango wa kuendeleza sekondari ulieneza shule za kata nchini, na mlango uliokuwa mwembamba ukapanuka. Hiyo ilikuwa heri kubwa. Lakini matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kuwa takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na mwaka ule ule matokeo yakapangwa upya. Alama zilibadilika, ujuzi wa watoto ulibaki vile vile. Mizani haimnenepeshi mbuzi.

Historia hii yafundisha kwamba msaada wa mtihani hauanzi majuma mawili kabla ya mtihani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Karatasi za miaka iliyopita zina faida, iwapo mwalimu atamwuliza mwanafunzi kwa nini jibu ni hili wala si lile, na kumruhusu alieleze kwanza kwa lugha aielewayo kabla ya kuliandika kwa lugha ya mtihani. Kosa lililosahihishwa mwezi wa Machi lina thamani kuliko jibu lililokaririwa mwezi wa Oktoba. Tena usingizi, chakula na taa ya kusomea ni vifaa vya elimu kama kalamu ilivyo.

Mitambo ya Kidatu imepeleka umeme katika miji ya mbali kwa muda wa nusu karne. Mtoto azaliwaye kando ya bwawa lile astahili kupimwa kwa yale anayoyajua, na kusaidiwa mapema ayajue.