Bwawa moja, kazi mbili zinazogombana

Ukisikia bwawa, akili inakimbia Masinga na stima. Lakini mabwawa mengi Kenya ni madogo: ukuta wa udongo ulioshindiliwa, nyuma yake maji ya kunyunyizia shamba. Ng'ombe wanakunywa hapo, watoi wanaogelea hapo. Nani ataogopa?

Shida ni kwamba tunalipatia kazi mbili zinazogombana. Mwenye shamba analitaka limejaa, ndio kiangazi kisimpate mikono mitupu. Mtu wa kijiji cha chini analitaka libaki na nafasi, ndio mvua kubwa ikikuja maji yapate pa kukaa. Bwawa likishajaa, haliwezi tena kuzuia mafuriko. Ni hivyo tu.

Kwa hivyo lazima kuwe na mfereji pembeni wa kutoa maji ya ziada. Ukiwa mdogo ama ukiziba, maji yanapita juu ya ukuta. Na udongo hausamehe: maji yakishachimba kamfereji, yanapanua haraka mpaka ukuta wote unaenda.

Solai, Nakuru, usiku wa 9 Mei 2018. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha wiki kadhaa. Bwawa la udongo la shamba kubwa la kibinafsi likapasuka, maji na matope yakashukia nyumba za watu. Watu 48 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Mamlaka ya maji ikasema mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Sawa, lakini bwawa si sindano, eti lilifichwa. Lilikuwa hapo juu mlimani, kila mtu analiona.

Halafu 29 Aprili 2024, Mai Mahiu. Watu walipost kwamba bwawa limepasuka. Serikali ikasema hapana, ni kalvati ya reli iliziba na takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma ya tuta. Zaidi ya watu 50 walikufa. Yaani hata tuta ambalo hakuna mtu aliliita bwawa, liligeuka bwawa usiku mmoja, bila mfereji wa kutolea maji.

Mimi sisemi tubomoe mabwawa. Bila hayo, kiangazi kitatumaliza. Nasema tu, kabla mvua ianze, mtu atembee juu ya ule ukuta, aangalie kama mfereji uko wazi. Na wanaoishi chini yake wawe wa kwanza kuambiwa alichoona.