Mpatanishi Aliyeitwa Nyumba Imekwisha Kuungua

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Methali hiyo inamfaa Omar Arteh Ghalib, mwanadiplomasia wa Somalia, ila si kwa maana tuliyoizoea.

Septemba 1972 wafuasi wa Dk. Milton Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania ili wamng'oe Idi Amin. Walishindwa. Ndege za Amin zikadondosha mabomu Bukoba na Mwanza, na vita kamili ikanukia. Somalia ya Jenerali Siad Barre ikajitokeza kusuluhisha. Waziri wake wa Mambo ya Nje alikuwa huyo Arteh, mwalimu wa zamani aliyepata kuwa balozi Ethiopia.

Oktoba 5, mkataba ulitiwa saini Mogadishu. Majeshi yarudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani, na kila upande usiwape nafasi maadui wa mwenzake. Haukuwa mkataba wa mapenzi, na Obote alibaki Tanzania. Lakini vita kubwa haikuja mpaka Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978. Miaka sita si haba kwa mkulima wa mpakani.

Mwaka 1974 wakuu wa nchi za OAU walikutana Mogadishu. Arteh aligombea Ukatibu Mkuu, akakabana na Vernon Mwaanga wa Zambia kura baada ya kura, hakuna aliyeshinda. Hatimaye kiti kikaenda kwa William Eteki wa Cameroon. Mwaka uleule Somalia ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na wapo waliouliza kama mgombea huyo ni wa Afrika au wa Uarabuni.

Mwaka 1976 aliacha uwaziri. Mwaka 1982 Siad Barre alimtia kizuizini pamoja na wakubwa wengine. Februari 1988 akahukumiwa kifo kwa uhaini, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kizuizi cha nyumbani. Miezi michache baadaye vita ilizuka kaskazini, na Hargeisa, mji wa kwao Arteh, ukapigwa mabomu na ndege za serikali yake yenyewe.

Januari 1991, waasi wakiwa ndani ya Mogadishu, Siad Barre akamkumbuka. Akamteua Waziri Mkuu. Siku chache baadaye mteuzi mwenyewe akakimbia mji. Ali Mahdi Mohamed alimwacha Arteh kwenye cheo hicho, lakini Jenerali Aidid hakuitambua serikali hiyo, na Mei mwaka huohuo kaskazini ikatangaza kujitenga. Waziri Mkuu hakuwa na nchi ya kuongoza.

Arteh alifariki mwaka 2020. Tusiseme alishindwa kujiganga. Mganga alikuwapo, na dawa yake ilikwishaonekana mpakani mwa Tanzania na Uganda. Mwenye nyumba ndiye aliyemfungia mganga, akamfungulia mgonjwa akiwa anakata roho. Serikali inayofunga watu wake wa maneno hubaki na watu wa bunduki tu, na hao hawajui kusuluhisha.