Majirani wa Bahari ya Kaskazini na Gia Isiyosikika

Uingereza na Norway ni majirani wasiopakana kwa ardhi. Kilicho kati yao ni Bahari ya Kaskazini, na chini ya bahari hiyo kuna mafuta. Tangu miaka ya 1970 wafanyakazi wa nchi hizo mbili wamekuwa wakipelekwa kwa helikopta kwenye majukwaa ya uchimbaji. Kwa kuwa wanaruka juu ya maji yale yale, na mara nyingi kwa mashine za aina moja, msiba wa mmoja ni onyo kwa mwenziwe.

Onyo kubwa lilitolewa tarehe 6 Novemba, 1986. Helikopta ya aina ya Chinook, ikirejea kutoka eneo la mafuta la Brent, ilianguka karibu na uwanja wa Sumburgh katika visiwa vya Shetland. Watu 45 walikufa na wawili wakaokoka. Gia moja katika mtambo wa mbele wa kuzungusha panga ilikuwa imevunjika. Ifahamike kwamba helikopta nyingi kubwa zina injini mbili, na moja ikizimika ya pili huweza kuifikisha salama. Gia zilizo kati ya injini na panga, hata hivyo, hazina mbadala.

Baada ya msiba huo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, helikopta za bahari hiyo zilianza kufungwa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima mtikisiko na kuupeleka kwenye mashine ya kunakili, ili mafundi waone dalili za uchakavu kabla ya mambo kuharibika. Hapana shaka mpango huo umeepusha ajali. Dosari yake ni kwamba vihisi hivyo vimefungwa nje ya ganda la giaboksi. Katika helikopta ya aina ya Super Puma, mwendo wa injini wa mizunguko zaidi ya 20,000 kwa dakika hupunguzwa hadi kufikia mizunguko 265 hivi ya panga. Hatua ya mwisho hufanywa na gia ndogo nane zinazoizunguka gia ya kati mfano wa sayari na jua. Kwa kuwa gia hizo zinajizungusha na wakati huohuo zinahama, sauti ya ufa katika mojawapo humezwa na kelele za nyingine kabla ya kufika kwenye ganda.

Tarehe 1 Aprili, 2009, Super Puma iliyokuwa ikielekea Aberdeen ilipoteza panga zake kuu na kuanguka baharini nje ya Peterhead. Watu wote 16 waliangamia. Siku saba kabla yake chembe moja ya chuma ilikuwa imenaswa na sumaku iliyowekwa katika mafuta ya giaboksi. Chembe hiyo ilichunguzwa, lakini hatari yake haikutambuliwa. Kihisi cha mtikisiko hakikuonyesha lolote kuhusu gia iliyokuwa ikipasuka. Mwaka 2011 wachunguzi wa Uingereza walitaka ufanywe utafiti wa njia bora za kugundua uharibifu wa gia za namna hiyo.

Utafiti ulianza, lakini tarehe 29 Aprili, 2016, zamu ikawa ya Norway. Super Puma nyingine, ya toleo jipya zaidi, ilipoteza panga zake karibu na Turøy, si mbali na Bergen, na watu wote 13 wakafa. Ripoti ya mwaka 2018 ilieleza kwamba ufa ulikua chini ya uso wa gia ya hatua ileile ya pili bila kumwaga chembe za kutosha kugunduliwa. Kwa maoni yetu, miaka mitano kati ya pendekezo na msiba ni muda mrefu, ingawa kazi yenyewe ni ngumu.

Ugumu wake ni huu. Kihisi kinachofaa ni kile kinachofungwa juu ya sehemu inayozunguka, kama walivyojaribu watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield. Waya za kawaida haziwezi kufika huko bila kukatika. Betri huteswa na mafuta ya moto, na kuibadilisha ni sharti giaboksi nzima ifunguliwe. Ndiyo maana wahandisi wanataka kihisi kijitengenezee umeme: kwa fuwele inayotoa umeme inapobanwa, jambo lililogunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880, au kwa tofauti ya joto kati ya maungio ya metali mbili, kama alivyoonyesha Seebeck mwaka 1821. Umeme unaopatikana ni haba mno. Kwa hiyo kihisi hulala, hujiwekea akiba, kisha huamka, hupima na kutuma habari kwa redio, nayo redio huzuiwa na ganda la chuma lililokizunguka. Tena wanaotoa vyeti vya usalama wana swali lao: kihisi hicho kikilegea na kuangukia katikati ya meno ya gia, itakuwaje?