Mashimo ya Hyrax Hill

Mimi na rafiki yangu mchoraji tunatengeneza gemu ya kompyuta kuhusu wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa. Yeye anachora, mimi naandika programu. Juzi akaniletea picha safi kabisa: familia inapika ndani ya shimo, juu kuna paa la nyasi. Alikuwa ameitegemea maelezo ya zamani.

Tukaenda Hyrax Hill, hapa hapa nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mary Leakey alianza kuchimba pale mwaka 1937, na yale mashimo yanayoitwa ya Wasirikwa yakachukuliwa kuwa makao ya watu. Miaka ya 1980 John Sutton akachimba tena, maelezo yakageuka. Shimo lilikuwa zizi la ng'ombe! Nyumba ilijengwa ubavuni, na uliingia kwa kupitia zizini. Samadi ilitupwa nje ikawa kichuguu, na bado unakiona.

Basi picha ikafutwa yote. Rafiki yangu alinuna siku mbili (sikumlaumu), kisha akachora upya. Mimi nami nikabadilisha programu ili wahusika wasilale na ng'ombe.

Wewe mchoraji au mwandishi, nenda na penseli. Makumbusho yapo tangu 1965, katika nyumba iliyokuwa ya shamba. Usikose bao lililochongwa mwambani. Sisi tumeshalitia kwenye gemu, ila kompyuta yangu bado inacheza ovyo.