MAJI HAYAKUZUIA RISASI



Ukivuka mto Kilombero kutoka Ifakara ukapanda hadi Mahenge, kumbuka tarehe 30 Agosti 1905. Siku hiyo Wambunga, ambao wazee wao waliliingia bonde hili kwa vita, waliishambulia boma ya Mjerumani pamoja na Wapogoro. Ukabila waliuweka kando. Hofu nayo iliwatoka, maana waliambiwa dawa ya maji itazigeuza risasi kuwa maji. Bombomu zilipolia, wengi walianguka.

Tusiwacheke. Dhuluma ilikuwa kweli, na ushujaa wao ulikuwa kweli. Lakini ujasiri uliofungwa kwenye kitu huvunjika kitu kile kinapovunjika.

Sasa jitazame wewe. Hirizi iliyo chini ya mto inalinda nini? Binti akichumbiwa, mbona unauliza kabila kabla ya dini?

Kabla hujawa Mmbunga, Mpogoro au Mndamba, wewe ni mja wa Allah. Ukilijua hilo, hofu hupata mpaka.

Leo baada ya Isha, kaa peke yako ujiulize: ni kitu gani nakiogopa kuliko Mola wangu? Anza na hicho.

Wallahu a'lam.